Friji Lisilogandisha na Jibu la "Gesi Imeisha"

Friji la mama yangu, Tanga, lilianza kuugua kwa maziwa. Maziwa aliyoyachemsha jioni na kuyaweka ndani yaliamka yamekatika. Siku mbili baadaye mchicha ukanyauka kwenye droo ya chini, huku changu wawili aliowaweka juu kwenye friza wakiwa wagumu kama mawe. Juu kunaganda, chini kuna joto. Mama akaita fundi.

Fundi alikuja na mtungi wake na sanduku la vifaa. Akaweka kiganja ubavuni mwa friji, akafungua mlango, akafunga. "Mama, gesi imeisha hii."

"Haya mwanangu, kama ni gesi, tia gesi."

Friji likazimwa, likavutwa katikati ya jiko, milango ikaachwa wazi. Kwa kuwa fundi alikuwa na kazi nyingine mtaa wa pili, likalala hivyo hadi kesho yake. Akarudi asubuhi, akakata kijibomba cha kuchajia, akajaza, akaziba, akalipwa. Jioni ile maji yalikuwa baridi ya kuuma meno. Siku ya tisa maziwa yakakatika tena.

Nimeisikia habari hii, na tofauti ndogo ndogo, kwa majirani, kwa mama lishe, kwa wenye vioski vya soda. Karibu kila friji lililozeeka na kuacha kupoza katika miji yetu hupewa ugonjwa mmoja, gesi, na dawa moja, gesi. Mimi naona jibu hilo hutolewa mapema mno, na mara nyingi si sahihi. Kasoro ya friji inaweza kujulikana kwa macho, masikio na viganja kabla mtu hajakata bomba lolote.

Tuanze na gesi yenyewe. Jiko la gesi hula gesi, na mtungi wa kilo 6 lazima uishe. Friji halili gesi. Ile iliyotiwa kiwandani siku friji lilipoundwa ndiyo hiyo hiyo inayozunguka humo miaka 15 au 20 baadaye, ndani ya mabomba yaliyochomelewa kila upande. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Kwa hiyo fundi anayesema gesi imeisha bila kusema imetokea wapi amesema nusu ya sentensi.

Tumezoea kusema friji linatengeneza baridi, na usemi huo ndio unaotupotosha. Friji linahamisha joto. Kompresa, ile nyeusi iliyo chini nyuma ambayo wengi huiita mota, huibana gesi hadi ikapata moto. Gesi hiyo hupita kwenye wavu mweusi wa nyuma, ikaacha joto lake kwenye hewa ya jikoni na kugeuka kimiminika. Kimiminika kinapita kwenye filta ndogo ya shaba, halafu kwenye bomba jembamba lenye tundu dogo mno, na kinapotokea kwenye mabomba ya friza kinakuta nafasi pana. Hapo kinachemka na kuwa gesi tena, na katika kuchemka huko kinanyonya joto la samaki, la maji, la hewa iliyomo. Kisha gesi inarudi kwenye mota na safari inaanza upya. Mtungi wa maji wa bibi ulipoza kwa kanuni hiyo hiyo: maji yaliyojipenyeza kwenye udongo yaligeuka mvuke, na mvuke ukaondoka na joto. Tofauti ni kwamba friji huurudisha mvuke wake na kuutumia tena.

Swali la kwanza, basi, ni la joto: linaingia wapi, na linatoka wapi.

Kabla ya hapo lakini pima. Mkono si kipimo; mkono uliotoka kushika sufuria utaona kila kitu ni baridi. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, glasi uiweke kwenye rafu ya katikati, usome asubuhi kabla mlango haujafunguliwa mara ya pili. Nyuzijoto 4 ni vizuri. Ikizidi 5, bakteria wa chakula wanaanza kuzaana kwa kasi. Friza inatakiwa iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Kuna nyumba ambazo namba hizi si za maziwa tu. Mgonjwa wa kisukari hutakiwa kuhifadhi chupa zake za insulini ambazo hazijafunguliwa kati ya nyuzi 2 na 8, na insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Nyumba yenye dawa hiyo haiwezi kuishi na friji la kubahatisha, na kipimajoto ni kitu cha bei ndogo kuliko safari moja ya fundi.

Sasa litazame friji lilipo. Ndani ya mlango, au nyuma, kuna kibandiko. Pamoja na volti, aina ya gesi na uzito wake, kuna herufi: SN, N, ST au T. Watu wachache huzitazama, nami ningependa kila anayenunua friji la mtumba azitazame kabla ya kutoa pesa. N maana yake friji limeundwa kwa chumba chenye nyuzijoto 16 hadi 32. ST ni hadi 38. T ni hadi 43. Yapo mafriji yanayoshuka bandarini Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar ambayo yalikusudiwa jiko la Ujerumani au Uingereza, jiko ambalo halifiki nyuzi 30 ila siku chache za mwaka. Tanga mwezi Februari hewa ya nje hufika nyuzi 32 au 33 mchana, na jiko lenye bati juu na mkaa unaowaka pembeni hupita hapo bila shida. Friji la N likishindwa humo halijaharibika. Limepewa kazi lisiyoundiwa, na gesi yote ya Kariakoo haitalisaidia.

Hata friji la T linahitaji pa kutolea joto. Ule wavu wa nyuma hukusanya vumbi, utando wa buibui na mvuke wa mafuta ya kukaangia, mpaka linajengeka blanketi la kijivu. Mota inazunguka, gesi inazunguka, lakini joto halitoki. Chomoa waya, livute friji, chukua brashi kavu ya kupakia rangi, pangusa kutoka juu kwenda chini. Ukilirudisha, acha nafasi ya kiganja kizima kati ya wavu na ukuta. Kama halina wavu nyuma, mabomba yake ya joto yamefichwa ndani ya mbavu, ndiyo maana ukizigusa zina uvuguvugu. Hilo nalo litenganishe na kabati. Na vile vitambaa vizuri vya kufuma tunavyovitandika juu ya friji vikaning'inia hadi ubavuni, kwa friji la aina hiyo ni sawa na kulivisha sweta. Mama alikuwa na kitambaa cha namna hiyo, cheupe chenye maua ya zambarau, na ilimuuma kukiondoa.

Joto linaloingia huingia zaidi mlangoni. Mpira wa mlango hukakamaa, hupasuka kwenye kona, hujaa ukungu na sukari ya juisi iliyomwagika. Funga mlango juu ya noti ya elfu moja, kisha ivute. Ikitoka bila kukataa, hapo mpira haushiki. Zungusha jaribio hilo pande zote nne. Usiku unaweza kuweka simu ndani ikiwa imewashwa tochi, ukafunga mlango, ukazima taa na kutafuta mwanga unaovujia. Mpira uliolegea si lazima utupwe: uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kona zilizobonyea zikandwe kwa kitambaa cha maji ya moto hadi zirudi, kisha upake mafuta ya mgando kidogo. Uliopasuka ubadilishwe. Kitufe cha taa nacho kibonyeze kwa kidole mlango ukiwa wazi: taa isipozimika, inawaka humo ndani usiku kucha kama kijinga cha moto.

Umeme ni sura nyingine, na kwetu ni sura kubwa.

Umeme wa Tanzania unatakiwa uwe volti 230. Kwenye nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, saa moja hadi saa nne usiku watu wanapopika, kupiga pasi na kuwasha feni, volti hushuka, pengine hadi 180. Zamani tulijua kwa macho: balbu ya waya iligeuka nyekundu kama kaa. Balbu za LED za siku hizi nyingi huendelea kung'aa vile vile, kwa hiyo mwenye nyumba hajui kitu. Kompresa inajua. Kuanza kuzunguka kunahitaji msukumo mkubwa. Ikiukosa inakwama, inavuta umeme mwingi bila kuzunguka, inapata moto, na kifaa kidogo cha ulinzi kilichobanwa ubavuni mwake kinakata. Tik. Baada ya dakika chache kimepoa, kinaunga tena. Mngurumo mfupi, tik. Friji linalofanya hivyo jioni na kutulia baada ya saa sita usiku halina kasoro ya gesi. Lina umeme mdogo, au limechomekwa kwenye waya mwembamba wa ekstensheni ambao nao hula volti zake njiani. Lihamishie kwenye soketi ya ukutani kwanza. Shida ikibaki, stabilaiza ya nguvu ya kutosha ndiyo dawa, pamoja na malalamiko kwa shirika la umeme yaliyoandikwa na mtaa mzima.

Sauti hiyo hiyo ikisikika mchana kutwa umeme ukiwa mzuri, angalia rilei ya kuwashia, kile kijisanduku cha plastiki kilichochomekwa kwenye kompresa. Friji likiwa limechomolewa, itoe uitikise karibu na sikio. Kwenye mafriji mengi ya miaka hii, ikicheza ndani kama kokoto kwenye kopo, imevunjika. Ni kipuri cha bei ndogo, na nimeona kompresa nzima ikitupwa kwa sababu yake.

Umeme unaokatika na kurudi ndani ya dakika moja una madhara yake. Mota ikizimika, gesi iliyobanwa upande mmoja huhitaji dakika 3 hadi 5 kusawazika. Umeme ukirudi kabla ya hapo, mota inatakiwa ianze ikiwa na mzigo mgongoni. Mara moja itavumilia. Ikifanyiwa hivyo kila siku ya mgao, nyuzi zake za shaba huungua. Ndiyo maana ya kile kifaa kinachouzwa kwa jina la friji gadi: hushikilia umeme uliorudi kwa dakika kadhaa kabla ya kuupitisha.

Nimefika kwenye barafu, na hapa ndipo friji la mama lilipokuwa limekwama.

Kuna mafriji ya aina mbili na kila moja huugua kivyake. Lile la zamani la mlango mmoja hujenga barafu kwenye kisanduku chake cha juu, na mwenye nyumba huiyeyusha mwenyewe. Barafu nene ni shuka: huzuia mabomba kunyonya joto la chakula. Ikifika unene wa kidole, zima na usubiri. Kusubiri ndiko kunakotushinda. Samaki wanangoja, wageni wako njiani, mtu anachukua kisu. Mabomba ya kisanduku kile ni ya alumini laini yasiyo manene kuliko karatasi chache, na ncha ya kisu ikipenya utasikia "fyuuu" fupi. Hiyo ndiyo gesi kweli. Nadhani hakuna chombo kilichoua mafriji mengi majumbani kwetu kuliko kisu cha jikoni. Weka sufuria ya maji ya moto ndani, funga mlango, kaa nusu saa. Barafu itadondoka yenyewe kwa mapande.

Aina ya pili ni lile la milango miwili lisiloonyesha barafu. Barafu ipo, imefichwa. Nyuma ya ukuta wa plastiki wa friza kuna mabomba ya baridi, feni inayopuliza baridi hiyo hadi chini, na hita ndogo inayowashwa mara kadhaa kwa siku kuyeyusha barafu inayojikusanya. Taima, au kompyuta ndogo, ndiyo inayoamua lini. Hita ikikatika au taima ikigoma, barafu inajenga ukuta mweupe kwenye mabomba na kuziba njia ya hewa. Friza, iliyo jirani na mabomba, itaendelea kuganda kwa muda. Chini hakufiki kitu. Juu kunaganda, chini kuna joto.

Sasa rudi kwenye jiko la mama siku ile. Friji lilizimwa, milango ikaachwa wazi, likalala hadi kesho. Ukuta wa barafu ukayeyuka wote. Fundi alipolijaza gesi na kuliwasha, feni ikapuliza, baridi ikashuka, maji yakauma meno. Kilichoponya ni usiku mmoja wa kuzimwa, na sifa zikachukuliwa na mtungi. Hita mbovu ikabaki mbovu, na barafu ikahitaji siku nane tu kujijenga upya.

Hiki ni kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya bila fundi. Friji la milango miwili likipoteza baridi chini, lizime saa 24, milango wazi, kitambaa sakafuni. Liwashe. Likipoza vizuri kwa wiki moja au mbili kisha likarudia hali ile ile, una uhakika karibu wote kwamba tatizo ni kuyeyusha barafu. Friji lenye gesi pungufu haliponi kwa kupumzishwa. Na kama halikupoza hata siku moja baada ya mapumziko hayo, fungua mlango wa friza, bonyeza kitufe cha taa kwa kidole, usikilize: feni ikiwa kimya kabisa huku mota ikinguruma, umepata pa kuanzia.

Je, gesi haipungui kamwe? Hupungua, na pwani hupungua zaidi, kwa sababu ya chumvi. Hewa ya bahari inakula chuma cha wavu wa nyuma na viungo vya mabomba, kutu inachimba hadi inatoboa. Dalili zake mtu aliyezijua hazisahau. Mota haizimi mchana wala usiku. Wavu wa nyuma, ambao ulitakiwa uwe wa moto, hauna joto la maana. Ukitazama mabomba ya friza unakuta barafu imeshika mzunguko wa kwanza tu, yaliyobaki makavu. Na mahali pa tundu mara nyingi pana doa la mafuta linaloshika vumbi, kwa kuwa mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Povu la sabuni likipakwa hapo litafura mapovu. Unyevu ulioingia ndani ya mfumo huleta dalili zinazokaribiana na hizo: tone la maji huganda kwenye mdomo wa lile bomba jembamba na kuziba njia, friji likaacha kupoza, likayeyuka, likapoza tena, bila mpangilio. Unyevu huo huingia siku fundi anapofungua mabomba na kuyafunga bila kutoa hewa.

Kwa hiyo akikuambia gesi imevuja, muulize kwa heshima: fundi, imevuja wapi? Tundu likishaonekana na kuzibwa, muulize kama ana filta mpya, kwa sababu filta ya zamani huwa imeshashiba unyevu. Muulize kama amekuja na pampu ya kuvuta hewa, nayo izunguke walau nusu saa kabla gesi haijaingia. Mwisho muulize atatia gramu ngapi na atazipima kwa mizani gani. Uzito umeandikwa kwenye kibandiko. Gesi ikizidi, friji hupoza vibaya sawa na ikipungua, na bomba linalorudi kwenye mota huvaa ukungu wa barafu hadi nje, jambo ambalo watu hulifurahia wakidhani baridi imekuwa nyingi.

Aina ya gesi nayo si ya kuchagua kwa bei. Mafriji ya zamani sana yalitumia R-12, iliyobuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 na Thomas Midgley na wenzake, wakati mafriji yalikuwa yakitumia gesi zenye sumu. R-12 haikuwa na sumu wala haikushika moto, ikaenea dunia nzima. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland wakaonya kwamba gesi za jamii hiyo zinaharibu tabaka la ozoni, mwaka 1985 likaripotiwa tundu juu ya Antaktika, na mwaka 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal. Nchi zinazoendelea zilitakiwa ziwe zimeachana na gesi hizo ifikapo mwaka 2010. Ikafuata R-134a, isiyogusa ozoni lakini inayonasa joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dayoksaidi, na mwaka 2016 ni Kigali, hapa kwetu Afrika Mashariki, nchi zilipokubaliana kuipunguza pamoja na ndugu zake. Mafriji mapya mengi sasa yana R-600a, jamaa wa gesi ya kupikia. Hiyo inashika moto. Kiasi chake ni kidogo, mara nyingi hakifiki gramu 80, lakini fundi anayewasha moto wa kuchomelea kabla ya kuitoa yote na kupitisha hewa jikoni anahatarisha uso wake na nyumba yako. Na friji la R-600a lisijazwe R-134a kwa sababu ndiyo iliyopo kwenye mtungi wa fundi. Kompresa yake haikuundiwa gesi hiyo.

Mbona basi jibu huwa gesi siku zote? Siamini kwamba mafundi wetu ni waongo. Naamini tumewafundisha sisi wateja. Fundi akikaa saa mbili, akasikiliza, akapima, kisha akasema friji linahitaji kupanguswa vumbi na kusogezwa kutoka ukutani, naomba elfu kumi na tano, wengi wetu tutaona ametuibia. Akija na mtungi, moto ukalia, shaba ikang'aa, tutalipa mara nne ya hapo bila neno. Tunalipia kazi inayoonekana. Kupima hakuonekani, hivyo hakuna anayepima. Ongeza kwamba pampu ya kuvuta hewa na mizani ya gramu ni mtaji ambao kijana anayeanza hana, na kwamba gesi kwa bahati mbaya huja pamoja na kuzimwa kwa friji, jambo linalotibu kwa wiki moja makosa yasiyohusiana nayo kabisa. Fundi mwenyewe ameona dawa yake ikifanya kazi mara nyingi. Ana sababu ya kuiamini.

Vyuo vya VETA vinafundisha fani ya majokofu na viyoyozi, na anayetoka huko anajua kutumia mita na geji. Kinachokosekana ni mteja wa kumlipa azitumie. Mimi sasa nalipa mara mbili: kwanza namlipa fundi kuja kutazama na kuniambia ni nini, pesa yake mkononi hata kama atasema hakuna ubovu, tengenezo tunaelewana baadaye. Tangu nianze hivyo sijasikia neno gesi likitoka mlangoni.

Kuna friji la kuachana nalo pia. Tundu likiwa kwenye mabomba yaliyofukiwa ndani ya povu la ukuta, kulifikia ni kuvunja friji lenyewe. Povu likishashiba maji, mbavu za friji hutoka jasho nje mahali pasipokuwa na mabomba, na hakuna fundi wa kulikausha. Kompresa iliyochakaa huzunguka bila kubana, na friji kuukuu likidai kompresa, bei yake mara nyingi inakaribia friji jingine. Umeme nao uhesabiwe: mota ya wati 120 isiyozimika hula uniti 2.88 kwa siku. Ikizunguka saa 10 tu, hula 1.2. Kwa mwezi tofauti ni uniti 50. Soma mita ya LUKU saa nne usiku, zima vyote isipokuwa friji, soma tena saa kumi na mbili asubuhi, uzidishe kwa tatu. Hilo litakuambia gharama ya kulibakiza. Na ukiamua kulitoa, ng'oa mlango kabla halijawekwa uani. Watoto huingia humo wakicheza mchezo wa kujificha, na ndani hakuna hewa.

Fundi wa pili wa mama alikuwa mtu mzima. Aliamkiwa, akaitikia, akaomba kigoda, akakaa nyuma ya friji karibu nusu saa bila kushika kitu. Kisha akaweka kidole kwenye bomba la kurudi kwenye mota, lililokuwa na ukungu mweupe wa barafu hadi nje. "Mama, hili limeshibishwa." Akafungua ukuta wa friza. Nyuma yake palikuwa peupe tupu, barafu ngumu, feni imeshikwa mabawa. Akaiyeyusha kwa maji ya moto kikombe kwa kikombe, akashika ncha mbili za hita kwa mita yake ya zamani, na mshale haukutikisika hata kidogo.

Hita mpya ilipatikana kesho yake. Gesi yote aliitoa, akavuta hewa, akatia filta, akapima kwa mizani gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko, si zaidi. Kipimajoto kwenye glasi kilisoma nyuzi 4 asubuhi ya pili, na siku ya tisa kikasoma 4. Mama hakitazami sana. Kila alfajiri anamimina maziwa kidogo kwenye kikombe cha bati, anayanusa, ndipo anawasha jiko la chai.